Tagi Iliyobaki Ubaoni

Vijana wangu wa chumba cha mifumo,

Mmeniomba niwaandikie namna ya kubadilisha mfumo mkubwa kipande kwa kipande bila kuuzima, ili iwafae hata watakaokuja baada yenu. Nimeufurahia ujumbe wenu, ingawa umejaa adabu kiasi kwamba nilidhani mnataka mchango wa harusi. Nimesikia pia, maana kustaafu si kuzibwa masikio, kwamba mnajadiliana kuung'oa ubao wa tagi pale kwenye lango la kushukia mgodini, kwa kuwa eti hauna kazi tena. Hayo mawili ni jambo moja. Ubao ule bado upo kwa sababu ya kijana anayeitwa Doto, ambaye jioni moja kompyuta yetu ilitangaza kwamba yuko nje, naye yuko chini ya ardhi, baruti imeshapangwa kwenye mwamba na ufunguo wa kulipulia uko mkononi mwa mtu.

Nitafika huko, msinikimbize. Vyeo nitaviruka, na mshahara pia, maana wote tunajua ulivyokuwa.

Nilianzia Shinyanga mjini, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Siku ya kwanza niliamriwa nivue viatu kabla ya kuingia chumba cha kompyuta, kama naingia msikitini, na mimi ni Mkatoliki. Kompyuta zilikuwa mbili, moja imefunikwa kitambaa cha kufumwa kwa mkono, vile vya kufunikia redio sebuleni, na juu yake pana maua ya plastiki. Aliyenipokea ni Mzee Athumani, mtu wa Tabora, aliyeanza maisha kama fundi wa mizani kisha akajifunza kuandika programu kwa kuzifungua za wenzake na kuzifunga tena. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akaitazama miguu yangu. "Miguu ina vumbi," akasema, "kichwa tutakiona."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika upya programu ya kupokea uzito wa pamba ya wakulima. Nilipoimaliza niliona fahari, nikamwambia Mzee Athumani tuizime ya zamani Jumatatu. Jumatatu ilipofika aliweka kompyuta zote mbili ubavu kwa ubavu, akaagiza kila mzigo uingizwe kote kuwili, na jioni nikae nilinganishe. Nilinuna. Wakulima nao walininunia, maana foleni ilikuwa kwenye jua kali na huyu binti anaandika kila kitu mara mbili. Wiki zikapita, majibu yanafanana kila jioni. Nikamwambia, "Mzee, si zimekubaliana?"

"Zimekubaliana kwa pamba kavu," akasema. "Ngoja mvua."

Mvua iliponyesha, pamba ikaja imelowa, na programu ya zamani ikaanza kupunguza uzito wa maji kwa hesabu ambayo hakuna mtu pale kiwandani aliyejua ilimo. Yangu haikuijua kabisa. Mzee Athumani hakunicheka. Alisema maneno ambayo nimeyatumia kwenye kila kazi tangu siku ile: "Mashine mbili zikikubaliana, usiseme zote ziko sawa. Sema bado hazijakutana na mzigo wa kuzigombanisha." Akarudi kwenye kahawa yake.

Jambo la pili sikufundishwa na mzee yeyote wa kompyuta, nililikuta nyumbani. Mimi nimezaliwa Ibadakuli, ng'ambo ya uwanja wa ndege, na jina langu ni Shija kwa kuwa nilifuata mapacha. Kwetu Usukumani mapacha ni Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija, hakuna kujadiliana. Kaka zangu walinibeba mgongoni, wakanipiga pia. Na katika watu wetu, ukikutana na Kulwa unamwuliza habari za Doto, na ukikutana na Doto unamwuliza Kulwa. Usipouliza, salamu haijaisha, na wenyewe wanakuona umekosa malezi. Unauliza hata kama umewaona wote wawili asubuhi. Mara nyingi husikilizi hata jibu.

Baba yetu alikuwa na ng'ombe, na alikuwa na ngitili. Asiyeijua ngitili, ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zikianza. Majani yanaota, ng'ombe wanayaona, wanayatamani, na hawaruhusiwi. Inafunguliwa kiangazi kikali, pale kila mahali pamebaki vumbi. Jirani yetu mmoja aliwahi kumcheka baba kwamba anafuga majani badala ya ng'ombe. Kiangazi cha mwaka ule ule alikuja na kofia mkononi. Nilipoingia kwenye kazi ya mifumo nikaona kitu hicho hicho: ukishajenga kipya, cha zamani usikilime chote. Kizungushie uzio, kiache kiote, usikitegemee kila siku na usikiue. Tukawa tunaita hivyo hivyo ofisini, ngitili, na mlipoanza kazi mlidhani ni jina la programu.

Kisha nikaja mgodini, huku kati ya Kahama na Geita, nikakuta Dubwana. Ndivyo tulivyouita mfumo wa zamani. Mishahara, stoo, zahanati, geti, kila kitu kilikuwa programu moja, na ukigusa bei ya buti stoo, zahanati inakataa kutoa dawa. Walikuja wataalamu wakashauri uzimwe wote, uandikwe upya wote, uwashwe siku moja. Nilikataa mbele ya wakubwa. Bandu bandu huisha gogo. Tulianza na stoo peke yake. Tukaijenga pembeni, tukaweka programu ndogo ya katikati, ya kuzungumza na pande zote mbili, tukaiita Mkalimani: Dubwana likiuliza kuhusu buti, Mkalimani anakwenda kuuliza stoo mpya na kurudi na jibu kwa lugha ya Dubwana, na Dubwana halijui hata kwamba stoo yake imeshakatwa. Baada ya stoo, zahanati. Kila kipande kilikaa na mwenzake wa zamani mpaka mvua yake imenyesha. Na kila kipande kilikuwa na swichi ya kurudi nyuma, ambayo niliwalazimisha wenzangu waijaribu kabla ya kuihitaji, wakanung'unika, nami nikajifanya sisikii.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo Doto alipokaribia kufa, miaka mingi kabla hajaajiriwa.

Kulikuwa na wafanyakazi hewa. Mtu mmoja anajiandikisha mara mbili, analipwa mara mbili. Huku kwetu hilo ni rahisi, kwa kuwa kila mtu ana majina mawili: nyumbani Masanja, kanisani Emmanueli. Wote ni yeye na wala hadanganyi, mpaka anaposimama kwenye dirisha la pili. Basi ikaandikwa kanuni ndani ya kipande cha mishahara. Usiangalie jina la kwanza. Angalia jina la baba, jina la babu, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, na namba ya simu. Vyote vikifanana, huyo ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Ilikuwa kanuni nzuri, imeandikwa na watu wanaowajua watu wao, na ilikamata wengi. Lakini haikuwa ikihukumu yenyewe. Ilimwonyesha karani wa utumishi, mama mmoja wa Ushirombo, naye anatazama, anasema "mbona hawa ni mapacha", anabonyeza waachwe. Hakuna aliyempa kazi hiyo na hakuna aliyejua kwamba anaifanya.

Miaka ikaenda. Akaja Imani.

Wengi wenu mmefundishwa na Imani, kwa hiyo niseme wazi kwamba hakuwa mzembe. Alitoka Dar es Salaam na begi moja na kikohozi cha vumbi, akawa wa kwanza ofisini kila asubuhi, na kila asubuhi akaniamkia kwa heshima. Kazi yake ilikuwa kipande cha mwisho cha Dubwana: sajili moja ya watu, ambayo stoo, zahanati, mishahara na geti vyote vitaiuliza "huyu ni nani?". Ni wazo zuri na mpaka leo ni zuri. Aliikuta ile kanuni ya wafanyakazi hewa, imefanya kazi miaka yote bila lalamiko. Akaihamishia kwenye sajili. Yule karani alikuwa ameshahamishiwa ofisi ya Geita mjini, na pale ambapo kanuni ilikuwa ikimwonyesha mtu, sasa ikawa inaunganisha yenyewe. Kanuni ilihama nyumba, mlinzi wake akabaki.

Na geti, lililotangulia kuunganishwa na sajili wakati mishahara bado inangoja zamu yake, likapewa kazi ambayo Dubwana halikuwahi kuifanya: kuhesabu watu walio chini.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya ubao. Mnaujua: kila anayeshuka ana tagi yake ya shaba yenye namba. Anaitundika akishuka, anaitoa akipanda. Kabla ya kulipua, ubao lazima uwe mtupu. Mfumo mpya ulikuwa wa kadi. Unaigusisha kwenye kifaa ukiingia, unaigusisha ukitoka, na kioo kinaonyesha waliobaki chini. Kikiandika sifuri, kinakuwa kijani.

Msimamizi wa ulipuaji alikuwa Baba Neema. Yeye alianzia kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo huko Geita, ambako mtu akishuka huacha kandambili zake mdomoni mwa shimo ili wenzake wajue yuko ndani. Mngetegemea mtu wa namna hiyo aupende ubao. Wapi. Alikuwa shabiki mkubwa wa kadi. "Mama Pendo," aliniambia, "kandambili zinaibwa. Nimeshawahi kukaa nje ya shimo nalia, kumbe jamaa yuko kilabuni, ametoka pekupeku. Na tagi nazo watu wanazisahau. Kadi haisahau." Alikuwa na haki. Karibu kila wiki mtu alikimbilia basi na tagi yake imebaki ubaoni, ikabidi atafutwe mpaka nyumbani kwake.

Tulivitumia vyote viwili pamoja, ubao na kadi, na kila tofauti iliyotokea, ubao ndio ulikuwa na kosa. Kioo hakikukosea hata mara moja. Wakubwa wakaniuliza tunangoja nini. Nikasema tunangoja mvua. Mmoja akafungua dirisha akatazama juu. Mwishowe ikaamuliwa: ubao utang'olewa siku fulani jioni, tagi ya mwisho ikishatoka, kabla ya ulipuaji, na kutakuwa na soda.

Siku hiyo nilikwenda pale langoni na moyo mzito, nawaambia ukweli. Usiache mbachao kwa msala upitao, hilo nilikuwa nalo mdomoni tangu asubuhi, lakini nilikuwa nimeshalisema mara nyingi mpaka likaanza kunuka. Zamu ya mchana ilikuwa imepanda. Watu wamesimama na soda zao, fundi ameshika spana, amekwishalegeza nati mbili za chini. King'ora cha kwanza kikalia. Kioo kilikuwa kijani. Sifuri.

Ubaoni kulikuwa na tagi moja.

Imani akaingiza namba ya tagi kwenye kompyuta yake ndogo. "Ni ya Kulwa Masanja," akasema. "Ametoka. Amegusisha kadi sasa hivi." Akanyoosha kidole, na kweli Kulwa alikuwa pale bombani, anaosha buti.

"Amesahau," Baba Neema akasema. Ufunguo wa kulipulia ulikuwa shingoni mwake kwenye mnyororo, akaushika. "Fundi, itoe hiyo tagi uendelee."

Fundi akainua mkono. Nikasimama kati yake na ubao.

"Baba Neema, tagi anaitoa mwenyewe."

"Mama Pendo, moshi wa baruti unahitaji muda kutoka. Nikichelewa mimi, zamu ya usiku yote inakaa juu. Mashine inasema sifuri."

"Na ubao unasema mmoja."

"Ubao umetudanganya mara ngapi?"

Ubao ulikuwa umetudanganya kila wiki. Watu walikuwa wananitazama, na niliona nyusoni mwao kile nilichokuwa nakiogopa mwenyewe, kwamba huyu mama anakaribia kustaafu, anatetea kipande cha mbao kwa sababu amezeeka nacho. Niliona aibu. Niliwaza nisogee. Niwaambie jinsi nilivyokuwa karibu kusogea? Nilikuwa nimeshahamisha mguu mmoja.

Imani ndiye aliyesema, kwa upole, ili kunistahi, "Basi aitwe aitoe mwenyewe, ni hatua chache tu." Akamwita.

King'ora cha pili kikalia. Kulwa akaja, maji yanamtiririka kwenye mikono. Ni kijana wa Nyahanga, ninawajua kwao, tunasali kanisa moja. Akanipa mikono miwili.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba. Mwadila," nikaongeza salamu ya Kisukuma. "Doto hajambo?"

Nawaapia sikuwa nimefikiri kitu. Nilikuwa namsalimia Kulwa.

"Hajambo," Kulwa akasema. "Yuko chini."

Nikamwuliza yuko chini wapi, si yeye ni wa zamu ya usiku? Kulwa akaanza kutueleza taratibu, kama habari ya kawaida, kwamba fundi wa pampu alipata msiba mchana, Doto akaja kumshikia, walionana na kupungiana mkono njiani huko chini. Alikuwa bado anaeleza Baba Neema alipomkata.

"Tagi yako iko wapi?"

Kulwa akaingiza mkono mfukoni, akatoa tagi yake. Namba nyingine.

Baba Neema akautoa mnyororo shingoni, akautia ufunguo mfuko wa shati, akafunga kifungo. Akashika redio akaita kituo cha pampu. Kimya. Akaita tena. Pampu ikiwaka pale chini husikii hata mtu anayekupigia kelele sikioni, sembuse redio kiunoni. King'ora Doto asingekisikia, na hakuna ambaye angekwenda kumwita, kwa kuwa kwa hesabu yetu hakukuwa na mtu wa kuitwa. Kituo kile hakikuwa mbali na mwamba uliopangwa baruti.

"Ninashuka mimi," Baba Neema akasema. "Mtu mwingine yeyote asikanyage." Akagusisha kadi yake kwa mazoea, akaingia kwenye gari la kushukia. Kioo kikaacha kijani, kikaandika moja. Mtu mmoja chini: Baba Neema. Niliitazama ile namba: Doto bado hakuhesabiwa.

Kulwa alitaka kumfuata. Mlinzi akamzuia, nami nikamshika mkono. Hakupigana. Alisimama ameshika wavu wa uzio akawa anarudia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lakini nimeshasema yuko chini. Lakini nimeshasema." Imani alikuwa amechuchumaa chini na kompyuta yake magotini, anasoma, na niliona anaelewa. Alifunika mdomo kwa kiganja. Akaniambia bila kunitazama, "Mama, wameungana. Baba mmoja, babu mmoja, siku moja, kijiji kimoja, na wote wameandika simu ya Kulwa. Wana kadi mbili, mfumo umedhani ya kwanza ilipotea." Mchana Doto alipoingia, kifaa kilimwona Kulwa, ambaye yuko ndani tayari, kikadhani mtu amegusisha mara mbili kama wanavyofanya wote, kikapuuza. Jioni Kulwa alipotoka, akawatoa wote wawili.

Na kwa nini haikutokea kabla? Kwa sababu mmoja alikuwa zamu ya mchana, mwingine usiku. Tulipovilinganisha vile vitu viwili wiki baada ya wiki, hawakuwahi kuwa chini pamoja. Pamba ilikuwa kavu.

Tulingoja. Nilisali, sioni haya kusema. Mtu alikuwa ameacha redio yake wazi, inakoroma tu. Fundi akaanza kuzikaza tena zile nati mbili, bila kuambiwa.

Gari likapanda. Aliyetangulia kushuka alikuwa Baba Neema, na nyuma yake Doto, uso mzima matope, amekasirika. "Pampu bado haijakaa sawa," alikuwa anasema. "Ningemaliza. Mnanivuta kama mwizi, maji yakijaa kesho mtaniita mimi." Akaenda ubaoni, akaitoa tagi yake, akaitia mfukoni. Kisha akagusisha kadi kwenye kifaa cha kutokea.

Kifaa kikalia vibaya, kikaandika: Umeshatoka.

Doto akakitazama. Akagusisha tena. Umeshatoka.

Kulwa hakumkumbatia mdogo wake wala hakulia. Alikwenda akasimama mbele ya Imani. "Kaka," akamwuliza, "humo ndani mimi na Doto ni mtu mmoja?"

"Ndiyo," Imani akasema.

"Kwa hiyo angelipuliwa, kesho mimi ningekuja kazini kama kawaida."

"Ndiyo."

"Mama angekuja hapa getini kumwuliza, mngetazama humo."

Imani akaifunga kompyuta yake.

"Mngemwambia mwanao yupo," Kulwa akasema. "Anaingia na kutoka kila siku."

Baba Neema alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda, kifungo cha mfuko bado kimefungwa, machozi yanamtoka waziwazi. Hakulipua siku ile. Zamu ya usiku ikakaa juu yote, na sikumsikia mtu hata mmoja akilalamika.

Sasa mwongozo wenu, maana najua mtasema mama amepiga hadithi akasahau kazi. Imani hakuandika upya sajili. Alirudisha swichi asubuhi yake, na kwa kuwa tulishaijaribu, ilirudi. Kisha akapiga simu Geita, akamtafuta yule karani, akamwuliza: ulikuwa unafanya nini ambacho hatukukijua? Swali hilo liandikeni ukutani. Kila kanuni mnayoihamisha, ulizeni ilizaliwa ikiogopa nini, na nani alikuwa amesimama karibu nayo. Ile yetu ilizaliwa ikiogopa mtu mmoja kuhesabiwa wawili. Langoni hofu ni kinyume chake, na hakuna aliyeiambia. Kateni vipande vidogo, wekeni mkalimani, vilinganisheni na vya zamani, na vikikubaliana mno, tafuteni mzigo wa kuvigombanisha kabla haujawatafuta. Imani baadaye alikuwa anachukua watu wa kubuni, mapacha, wajina, watu wenye kadi tatu, anawashusha chini kwenye kompyuta usiku na mchana. Alikuwa mkali kuliko mimi.

Na ubao ni ngitili. Najua unadanganya kila wiki. Unadanganya kwa namna yake, na kadi zina namna yake, na siku vikidanganya pamoja sijui tutafanya nini. Mpaka mtakapokuwa na jibu la hilo, fundi asiushike.

Siku hizi nakaa hapa Nyahanga, nina kuku na magoti mabovu. Kulwa ameacha mgodi, anauza vipuri vya pikipiki karibu na soko. Doto bado yuko na pampu zake, mnamwona kila siku. Nikipita dukani Kulwa ananiamkia, ananipa kigoda, nami namwuliza Doto hajambo, kama nilivyouliza maisha yangu yote kwa kila Kulwa niliyekutana naye.

Ila sasa, nikishauliza, siendi popote mpaka anijibu.